Mtandao Unasumbua: Historia ya Maradhi Mengi Yenye Jina Moja

Utangulizi

Hapana shaka kwamba miongoni mwa sentensi zinazosikika mara nyingi katika ofisi na shule zetu siku hizi ni hii: "Mtandao unasumbua." Huisema mwalimu aliyeshindwa kupakua mtihani, huisema karani akingoja barua moja ifunguke katika kompyuta yake mpakato, na huisema, kwa sauti ya juu kuliko wote, mfasiri ambaye kazi yake inatakiwa ifike kabla ya saa sita mchana. Sentensi hiyo ni Kiswahili safi, wala haina kosa la sarufi. Kosa lake ni jingine: haimwambii fundi kitu chochote.

Miaka michache iliyopita tulishuhudia jambo lililotufanya tuandike makala haya. Katika chumba kimoja cha wafasiri, kompyuta zote ziliunganishwa na intaneti bila waya. Ghafla kasi ikashuka, hata ukurasa mmoja ukawa unachukua dakika kadhaa kufunguka. Mkuu wa chumba akaiandikia kampuni inayotoa huduma: "Mtandao unasumbua, tafadhali shughulikieni." Kampuni ikapima laini yake, ikajibu kwamba mtandao ni mzima. Ikaandikwa barua ya pili. Likaja jibu lile lile. Siku ya tatu akafika fundi, kijana asiye na maneno mengi. Akachukua waya, akauchomeka kutoka kwenye ruta hadi kwenye kompyuta moja, na kurasa zikafunguka mara moja. Kisha akaangalia mahali ruta ilipowekwa. Ilikuwa nyuma ya kabati la chuma la mafaili, lililohamishiwa pale juma lililotangulia. Kabati likasogezwa, kazi ikaendelea.

Jambo la kuzingatia ni kwamba pande zote mbili zilikuwa zimesema kweli. Mtandao wa kampuni ulikuwa mzima; na mtandao wa chumbani ulikuwa unasumbua. Vitu vilikuwa viwili, neno lilikuwa moja, na siku tatu za kazi zikapotea kati ya maana mbili za neno hilo. Kwa hiyo, uchunguzi wa kasi ndogo ya intaneti isiyo na waya ni suala la lugha kabla ya kuwa suala la mitambo. Katika makala haya tunakusudia kuifuata historia ya njia hiyo hatua kwa hatua, ili tuone kila ugonjwa ulizaliwa wapi na lini, na kama Kiswahili kina jina la kuupa.

Simu, waya na upepo

Tuanze nyumbani. Mwaka 1879 waya wa telegrafu ulilazwa chini ya bahari kutoka Aden hadi Unguja, ukaendelea hadi Msumbiji na Afrika Kusini. Chombo kilikuwa kigeni, lakini jina halikusumbua. Lugha yetu ilikuwa na neno simu, ambalo asili yake ni Kiajemi, na maana yake ya awali ni waya au fedha. Hivyo habari iliyopita katika waya ikaitwa simu, na mpaka leo twapiga simu, ijapokuwa wengi wetu hatuoni tena waya wowote.

Mwaka 1896 Guglielmo Marconi aliomba hataza nchini Uingereza kwa ajili ya telegrafu isiyohitaji waya. Habari hizo zilipoenea pwani na bara, wazee wetu waliunda jina ambalo hadi leo hatujapata lililo zuri kulishinda: simu ya upepo. Tukilichambua kwa asili yake, jina hilo lasema "waya wa upepo". Mtaalamu wa fizikia atapinga, kwa kuwa mawimbi ya redio hayabebwi na upepo wala hewa; hupita hata mahali pasipo na hewa kabisa. Lakini mtaalamu huyo asiharakishe kutucheka. Wanasayansi wa Ulaya nao waliamini kwa muda mrefu kwamba mawimbi ya mwanga husafiri ndani ya kitu kisichoonekana kiitwacho etha, na imani hiyo ilianza kutikiswa kwa jaribio la Michelson na Morley la mwaka 1887. Hata baada ya etha kuachwa, jina lake halikufa. Tarehe 22 Mei 1973, Robert Metcalfe, aliyekuwa mhandisi katika kituo cha utafiti cha Xerox huko California, aliuita mtandao aliokuwa akiubuni Ethernet, kwa kuikumbuka etha hiyo hiyo. Mpaka leo ndilo jina la mtandao wa waya uliomo maofisini mwetu.

Hapa tunapata somo la kwanza kwa waunda istilahi. Istilahi haitakiwi kueleza fizikia yote ya kitu. Inatakiwa kukitenga kitu hicho na jirani yake. "Simu ya upepo" ilitenga vizuri: hii ya waya, na hii ya upepo. Mtu aliyesema "simu ya upepo imeharibika" alikwisha mwonyesha fundi mlango wa kuingilia. Anayesema leo "mtandao unasumbua" hajamwonyesha mlango wowote.

Salamu kutoka Hawaii

Metcalfe hakuanza peke yake. Alikuwa amesoma maandishi ya Norman Abramson, profesa wa Chuo Kikuu cha Hawaii. Visiwa vya Hawaii vimetawanyika baharini, na laini za simu za wakati ule zilikuwa ghali na hazikufaa kwa kazi ya kompyuta. Hivyo Abramson na wenzake wakatumia redio, na mwezi Juni 1971 mtandao wao ulioitwa ALOHAnet ukaanza kazi, ukipeleka biti 9,600 kwa sekunde. Aloha ni salamu ya wenyeji wa visiwa hivyo.

Tatizo walilokutana nalo ndilo tulilo nalo sisi katika chumba chenye kompyuta kumi. Redio zote zilitumia masafa mamoja kupeleka habari. Je, ni nani aseme, na lini? Abramson hakuweka mwenyekiti wa baraza. Kila chombo kiliruhusiwa kusema wakati wowote. Viwili vikisema kwa pamoja, maneno yao yaligongana na kuharibika; vyombo hivyo visipopata jibu, kila kimoja kilingoja muda wa kubahatisha kisha kikarudia. Utaratibu huo ulikuwa rahisi, lakini ulikuwa na gharama. Hesabu ilionyesha kwamba vyombo vikisema ovyo namna hiyo, hata katika hali iliyo bora, takriban asilimia 18 tu ya uwezo wa njia ndiyo inayobeba habari zilizofika salama.

Metcalfe aliboresha adabu ya baraza. Katika Ethernet, chombo husikiliza kwanza kama njia ni tupu, na kinapokuwa kinasema huendelea kusikiliza ili kijue kama kimegongana na kingine. Lakini hilo la pili ni rahisi ndani ya waya tu. Redio inaposema hujiziba masikio kwa sauti yake yenyewe. Kwa hiyo mitandao isiyo na waya ya leo husikiliza kwanza, hungoja kidogo, husema, kisha hungoja jibu la "nimepata" kwa kila kifurushi cha habari. Kungoja huko kote hula wakati. Ndiyo sababu chombo kilichoandikwa megabiti 11 kwa sekunde kilikuwa, katika kazi halisi, kikitoa megabiti tano au sita tu.

Basi huu ni ugonjwa wa kwanza, nao tunaweza kuuita mgongano. Hauletwi na ubovu wa kitu chochote. Huletwa na wingi wa wasemaji katika baraza moja. Anayelalamika kwamba kasi ni nzuri asubuhi na mbaya wenzake wote wanapofika kazini, na huku laini ya nje haijajaa, anaumwa ugonjwa huu.

Masafa: neno lenye maana mbili

Baraza lenyewe liko wapi? Mwaka 1947 mkutano wa kimataifa wa mawasiliano ya redio uliofanyika Atlantic City, Marekani, ulitenga masafa yaliyo karibu na gigahezi 2.4 kwa matumizi ya viwanda, sayansi na utabibu, yaani kwa mitambo inayotoa mawimbi ya redio bila kukusudia kuwasiliana na mtu. Mtambo mashuhuri wa aina hiyo ni jiko la mawimbi, ambalo lilitokana na kazi ya Percy Spencer wa kampuni ya Raytheon aliyeomba hataza mwaka 1945. Majiko hayo hufanya kazi kwenye takriban gigahezi 2.45.

Kwa kuwa masafa hayo yalijaa kelele za majiko na mitambo, hakuna shirika la utangazaji lililoyatamani. Tarehe 9 Mei 1985 mamlaka ya mawasiliano ya Marekani iliruhusu watu wayatumie kwa mawasiliano bila leseni, mradi watumie mbinu ya kuyatawanya mawimbi yao ili yasiwasumbue wengine. Uamuzi huo ndio mzizi wa intaneti yote isiyo na waya tunayoitumia majumbani. Lakini tangu siku ya kwanza tulipewa kiwanja ambacho tayari kilikuwa na jiko. Mwenye kompyuta mpakato anayeona kasi ikianguka kila mwenzake anapopasha chakula moto, na kurudi chakula kikiiva, asidhani ni uchawi.

Kiwanja hicho ni chembamba. Katika nchi nyingi kimegawanywa katika chaneli 13, nchini Marekani 11, na kila chaneli imeachana na jirani yake kwa megahezi tano. Lakini mawasiliano ya ruta moja huhitaji upana wa takriban megahezi 20. Kwa hiyo chaneli zinazopandana ni nyingi, na zile zinazoweza kutumika pamoja bila kuingiliana ni tatu tu: ya 1, ya 6 na ya 11. Katika jengo la ghorofa lenye ruta ishirini, tatu zikiwa kwenye chaneli ya 6 na nyingine zimewekwa ya 4, ya 7 na ya 8, kila mmoja humpigia mwenzake kelele. Ugonjwa huu wa pili tunauita mwingiliano. Tofauti yake na mgongano ni hii: wanaogongana ni watu wa baraza moja wanaofuata adabu moja, wanaoingiliana ni majirani wasiosikilizana, au jiko lisilojua adabu yoyote.

Ugonjwa wa tatu ni ufifiaji. Katika uwanja wazi, ukiongeza umbali mara mbili, nguvu ya mawimbi inayokufikia hubaki robo. Ndani ya nyumba hali ni mbaya zaidi: ukuta wa zege hupunguza, tangi la maji hupunguza, na chuma huzuia kabisa, kama wafasiri wetu walivyojionea. Mawimbi yanapofifia, kompyuta na ruta hupunguza kasi zenyewe ili zielewane, kama watu wawili wanaoongea toka mbali wanavyolazimika kutamka neno moja moja. Waliosema kwamba fimbo ya mbali haiui nyoka hawakuwa na ruta, lakini waliijua kanuni.

Hapa ndipo lugha yetu inapotutega. Neno masafa, lenye asili ya Kiarabu, maana yake ni umbali. Lakini tangu enzi za redio tumelitumia pia kwa mawimbi: masafa ya kati, masafa mafupi, na leo masafa ya gigahezi 2.4. Sasa fikiri, ndugu msomaji, umeandika katika mwongozo wa shule: "Kasi ikipungua, badili masafa." Je, mwalimu asogee karibu na ruta, au ahamie kwenye gigahezi 5? Yote mawili ni mashauri mema, lakini yanatibu maradhi mawili tofauti. Kusogea hutibu ufifiaji. Kuhamia gigahezi 5, ambako chaneli ni nyingi na jiko halifiki, hutibu mwingiliano; lakini kwa kuwa mawimbi ya gigahezi 5 hupenya kuta kwa shida zaidi, huenda kukauzidisha ufifiaji. Mtu aliyesoma neno hilo moja kwa maana isiyokusudiwa anaweza kuwa amejiongezea ugonjwa.

Jina lisilo na maana

Mwaka 1990 Taasisi ya Wahandisi wa Umeme na Elektroniki ya Marekani iliunda kamati ya kusanifisha mitandao isiyo na waya, ikiongozwa na Vic Hayes wa Uholanzi. Kamati ilipewa namba 802.11, na kazi yake ya kwanza ikatoka mwaka 1997, ikiwa na kasi ya megabiti mbili kwa sekunde. Mwaka 1999 likafuata toleo la megabiti 11. Mwaka huo huo kampuni ya Apple ilitoa kompyuta mpakato ya iBook iliyoweza kuwekewa kifaa hicho, na mwaka 2003 Intel ikaanza kuuza vifaa vya Centrino vilivyoifanya redio kuwa kiungo cha kawaida cha kila kompyuta ya kupakata.

Makampuni yaliyotaka kuuza bidhaa hizo yaliona kwamba hakuna mnunuzi atakayeomba kitu kinachoitwa "802.11". Mwaka 1999 wakailipa kampuni ya Interbrand ibuni jina, likapatikana Wi-Fi. Wengi hudhani ni kifupisho cha maneno fulani. La hasha, halikufupisha kitu. Ni jina lililochaguliwa kwa sababu linatamkika na kukumbukika. Nasi tumelipokea, twasema waifai, na limekaa vizuri kinywani kwa kuwa kila silabi yake inaishia kwa irabu.

Wenye jina hilo wenyewe walikuja kugundua upungufu mwingine. Matoleo yalipozidi kutoka, kila moja na herufi zake, mnunuzi hakujua lipi jipya na lipi kuukuu. Ndipo mwaka 2018 ukatolewa utaratibu wa kuyahesabu: toleo la mwaka 2009 likaitwa Wi-Fi 4, la mwaka 2013 Wi-Fi 5, na lililofuata Wi-Fi 6. Yaani wahandisi wenyewe, baada ya miaka karibu 20, walikiri kwamba jina gumu lilikuwa linawagharimu watumiaji.

Jambo hilo lina faida kwa mchunguzi wa kasi. Kompyuta ya zamani haiwezi kupata kasi ya ruta mpya. Husema kwa lugha ya rika lake. Tena, kwa kuwa wote wanapokezana njia moja, kompyuta moja inayosema polepole huishika zamu kwa muda mrefu na kuwachelewesha wote waliomo chumbani. Huu ni ugonjwa wa nne, ukale wa chombo, nao huweza kuwa wa mtu mmoja ukawaumiza kumi.

Hatuwezi kuuacha mjadala wa kasi bila kuonya kuhusu vipimo viwili vinavyofanana sauti. Makampuni huuza huduma kwa megabiti. Kompyuta inapopakua faili mara nyingi huonyesha megabaiti. Baiti moja ni biti nane. Aliyenunua megabiti 16 kwa sekunde, akaona kompyuta yake ikionyesha megabaiti mbili, hakuibiwa hata senti. Irabu moja tu imetenganisha haki na dhuluma, na mfasiri anayeikosea anaweza kuanzisha kesi.

Foleni na bahari

Hadi hapa tumo bado chumbani. Lakini njia inaendelea nje ya ukuta, nako kuna historia yake. Mwezi Oktoba 1986, mawasiliano kati ya maabara ya Lawrence Berkeley na Chuo Kikuu cha California kilicho jirani, mwendo wa yadi 400 tu, yalianguka kutoka biti 32,000 kwa sekunde hadi biti 40. Hakuna waya uliokatika. Van Jacobson, aliyelichunguza jambo hilo, aliona kwamba kila kompyuta ilipokosa jibu ilirudia kutuma, na marudio hayo yakazidisha foleni iliyosababisha jibu likosekane. Dawa aliyoitoa, iliyochapishwa mwaka 1988, ilikuwa kuzifundisha kompyuta ustaarabu: zianze polepole, ziongeze kidogo kidogo, na zikiona dalili za foleni zipunguze. Kila kompyuta duniani hufuata kanuni za namna hiyo leo. Ugonjwa huo wa tano ni msongamano, na madereva wa Dar es Salaam na Nairobi hawahitaji kuelezwa dalili zake.

Mbali zaidi iko bahari. Kabla ya mwaka 2009 sehemu kubwa ya Afrika ya Mashariki ilipata intaneti kwa setilaiti zilizo juu ya ikweta, kilomita 35,786 kutoka ardhini. Swali na jibu lake vilipaswa kupanda na kushuka mara mbili, na hata kwa mwendo wa mwanga, safari hiyo huchukua karibu nusu sekunde. Kuongeza fedha kuliongeza wingi wa habari zilizopita kwa pamoja, lakini hakukupunguza nusu sekunde hiyo hata chembe. Huu ndio ugonjwa wa sita, ukawiaji, nao haupaswi kuchanganywa na uchache wa nafasi. Bomba nene na refu hutoa maji mengi, lakini hukawia kuanza kutoa.

Mwaka 2009 nyaya mpya za bahari, TEAMS na SEACOM, zilifika pwani yetu, na mwaka 2010 ikafuata EASSy. Miaka 130 baada ya telegrafu ya Unguja, habari zetu zilirudi chini ya bahari. Tarehe 12 Mei 2024 tulikumbushwa maana ya jambo hilo, pale nyaya za EASSy na SEACOM zilipokatika baharini kusini mwa Msumbiji na kasi ya intaneti ikaanguka Tanzania, Kenya na nchi jirani. Siku hiyo hata aliyesogeza makabati yote ya ofisi hakupona.

Hodi: utaratibu wa uchunguzi

Mwezi Desemba 1983 Mike Muuss, mtumishi wa maabara moja ya jeshi la Marekani, alikuwa akisumbuliwa na mtandao usioeleweka tabia yake. Akaandika programu ndogo inayotuma ujumbe mfupi kwa kompyuta nyingine, ikangoja jibu na kupima muda wake. Aliiita ping, kwa kufananisha na sauti ya chombo cha manowari kinachopiga mlio na kusikiliza mwangwi. Programu hiyo imo katika karibu kila kompyuta leo.

Sisi tunalo jina lake tangu kale. Mtu aliyefika mlangoni hupiga hodi, akasikiliza kama atajibiwa "karibu", na kwa muda wa jibu hujua kama mwenyeji yuko sebuleni au uani. Tunapendekeza, pasipo haya, kwamba kitendo hicho kiitwe kupiga hodi.

Kwa hodi hiyo na waya mmoja, kila mwenye kompyuta mpakato anaweza kulitafuta gonjwa lake kwa mpangilio ufuatao. Kwanza, aangalie kompyuta ya jirani: ikiwa ya jirani ni nzima na yake ni mbovu, tatizo limo katika chombo chake, ama kwa ukale, ama kwa programu zinazopakua mambo kwa siri. Pili, ikiwa zote ni mbovu, achomeke waya kwenye ruta. Kasi ikirudi, ugonjwa uko hewani. Isiporudi, uko kwenye ruta yenyewe au nje ya ukuta. Tatu, kama uko hewani, asogee mpaka hatua tatu karibu na ruta. Akipona, ni ufifiaji, na ruta iwekwe juu, katikati, mbali na chuma. Asipopona, ni mwingiliano au mgongano. Ajaribu gigahezi 5, au abadili chaneli, au apunguze vyombo. Nne, kama uko nje, apige hodi kwa ruta kisha kwa kituo cha mbali. Ruta ikijibu katika sehemu chache za elfu za sekunde na kituo cha mbali kikakawia, sasa ana haki ya kuiandikia kampuni, na barua yake itakuwa na kitu ndani yake.

Mapendekezo

Kutokana na historia hii tunaleta mbele ya wasomaji mapendekezo manne, tukijua kwamba istilahi hukomazwa na watumiaji.

1. Neno mtandao, litokanalo na kutanda kama utando wa buibui, libaki kuwa jina la jumla. Katika taarifa za hitilafu, hata hivyo, lifuatwe na mahali: mtandao wa chumbani, mtandao wa nje.

2. Neno masafa litumike kwa mawimbi peke yake katika maandishi ya ufundi, na kwa urefu wa mahali tuseme umbali.

3. Maradhi sita yatajwe kwa majina yake: mgongano, mwingiliano, ufifiaji, ukale wa chombo, msongamano na ukawiaji. Yote ni maneno tuliyokuwa nayo, au yaliyotokana na vitenzi tulivyokuwa navyo.

4. Neno kasi lisitumike peke yake pale inapobidi kutofautisha wingi wa habari zinazopita na muda wa kukawia.

Hitimisho

Wako watakaosema kwamba mtumiaji wa kawaida hahitaji majina yote hayo, kwani fundi atayajua. Hoja hiyo hatuikubali. Mgonjwa anayejua kusema "kifua" na "tumbo" hajawa daktari, lakini amemwokolea daktari nusu ya kazi. Wafasiri wa chumba kile hawakukosa akili wala juhudi. Walikosa sentensi moja: "Kwa waya ni nzima, bila waya ni mbovu, tangu kabati lihamishwe." Maneno yote hayo yamo katika lugha yetu tangu zamani. Wangeyasema siku ya kwanza, kabati lingesogezwa kabla ya saa sita mchana.